Mdomo wa 1966, sauti ya 2003: diski ya The Good, the Bad and the Ugly

Haya wadau, mambo vipi! Leo ni kauboi. Wale wa simu msinikimbie, simu yenu inakuja Ijumaa.

Hii hapa mkononi ni The Good, the Bad and the Ugly ya Sergio Leone, toleo refu. Stori mnaijua: wanaume watatu, dhahabu imefukiwa makaburini, na stelingi hafi. Picha iko safi mpaka jasho unaliona, tusikae hapo. Kilichonileta ni sauti. Jamani, hii sauti!

Ngoja niweke. Tuco huyu, katoka jangwani, yuko duka la bunduki anajichagulia vipande vya bastola. Ona anavyoizungusha silinda sikioni kama fundi saa. Safi. Eli Wallach anayemwigiza hapo ana miaka 50, na sauti ni ya miaka 50. Sasa tegeni sikio, anaingia pangoni na kuku wake... hapo! Mmesikia? Narudisha. Dukani, mwanaume wa makamo. Pangoni, babu! Kazeeka njiani.

Iko hivi. Leone mwenyewe aliikata hii sini ya pango baada ya filamu kuonyeshwa Roma, kwa hiyo sauti ya Kiingereza haikuwahi kurekodiwa. Mwaka 2003 wakarudisha vipande vilivyokatwa. Wakamwita Wallach, kapita miaka 85, wakamwita na Clint Eastwood, kapita 70, wajisemee wenyewe wa ujanani. Lee Van Cleef, yule stelingi wa tatu, alishafariki 1989, kwa hiyo yule anayemsemea ni mtu mwingine kabisa. Kila kipande kilichorudishwa unakitambua hata ukiwa umefumba macho.

Kuna watakaoniambia, basi tazama lile toleo fupi la dakika 161, lisilo na pango. Sawa, ila tazama kinachotokea. Blondie, yaani Eastwood, yuko hotelini anasafisha bastola, nje jeshi linapita kwa kishindo. Jeshi linasimama kidogo, anasikia njumu za viatu mlangoni. Wahuni watatu wanaingia, anawapiga risasi wote, kumbe Tuco yuko dirishani. Sini tamu! Lakini hao watatu wametoka wapi? Kwenye fupi hujui. Tuco aliwachukua pangoni, na pango limekatwa. Wamekuja kufa tu, maskini.

Midomo kutokwenda na maneno, hilo liko filamu nzima. Pale lokesheni kila mwigizaji alisema lugha yake, sauti zikapachikwa baadaye. Yule kapteni mlevi wa darajani ni Mwitaliano, Aldo Giuffrè, mdomo wake una safari zake. Sisi tuliolelewa na vibanda umiza hilo halitusumbui, DJ Afro, yule msimulizi wa filamu wa Kenya, anawasemea watu kumi peke yake na tunaelewa. Tena angepewa yeye hilo pango ingekuwa afadhali.

Halafu kuna hili, nacheka kila mara. Blondie na Tuco wanatembea porini, kimya, hakuna kitu. Mara wanawekewa bunduki, na hapo hapo pembeni kuna jeshi zima! Mizinga, mahandaki, maelfu ya watu. Hawakusikia hata farasi kupiga chafya? Kwa Leone, kisichoonekana kwenye kamera hata waliomo ndani hawakioni. Wengine wanasema ni ufundi. Labda, mimi nacheka tu.

Bei sasa. Diski yenyewe si mbaya, usafirishaji na ushuru ndivyo vinavyoumiza. Kuna toleo shindani lenye fupi peke yake, picha kali zaidi, lakini hao watatu wa hotelini wataendelea kuwa yatima. Chukueni lenye zote mbili. Pango litazameni mara moja mcheke, siku nyingine wekeni fupi. Kusema kweli mwendo wake ni mzuri zaidi, na Leone alijua kwa nini alikata.

Kama ni mgeni hapa bonyeza kengele. Wiki ijayo ni Django, yule anayeburuta jeneza matopeni, na nina maswali mengi kuhusu hilo tope.