Mafunzo ya CEF kwa walimu wa watoto: uzoefu wangu kutoka shule ya Jumapili

Usharikani kwetu mwalimu wa shule ya Jumapili hupatikana kwa kunyooshewa kidole. Kijana amemaliza kipaimara, anajua kuimba, basi akawaangalie watoto huku ibada ya wakubwa ikiendelea. Kitabu hapewi, somo hapewi. Mimi nami nilianza hivyo hivyo, ndiyo maana nataka kueleza kwa kirefu kidogo mafunzo niliyoyapata kwa Child Evangelism Fellowship, ambao wengi tunawaita CEF tu.

CEF si dhehebu. Ni huduma iliyoanzishwa Marekani mwaka 1937 na Jesse Overholtzer, na leo iko katika nchi nyingi, ikiwaandaa walimu wa makanisa mbalimbali. Overholtzer akiwa na miaka 12 alimwendea mama yake moyo umemlemea kwa ajili ya dhambi zake, akajibiwa kwamba bado ni mdogo mno. Alipokuja kuokoka alikuwa mtu mzima. Habari hiyo tulisimuliwa mapema kabisa na ilinigusa, maana na sisi tumezoea kusema watoto ni kanisa la kesho. Mtoto wa darasa la pili anajua akidanganya. Anajua akimwibia mwenzake penseli, na usiku anaogopa kama mtu mwingine yeyote. Injili anaihitaji sasa hivi.

Kifaa chao kinachojulikana zaidi ni Kitabu Kisicho na Maneno, kijitabu cha rangi tupu, kila rangi ikisimama kwa sehemu moja ya Injili. Mhubiri Spurgeon alihubiri London mwaka 1866 kwa kurasa tatu: nyeusi, nyekundu na nyeupe. Baadaye Moody, mhubiri wa Marekani, akaongeza dhahabu, na CEF wakaongeza kijani, rangi ya kukua katika imani. Uzuri wake ni kwamba unakitengeneza mwenyewe. Sisi tulikata manila, na kwa dhahabu tukatumia karatasi ya kufungia zawadi. Mtoto ambaye bado hajui kusoma anakwenda nacho nyumbani na kumsimulia bibi yake habari yote, ukurasa kwa ukurasa.

Kwenye ukurasa mweusi, ule wa giza, mkufunzi alitusimamisha. Dada mmoja alikuwa anafanya mazoezi mbele yetu, akasema rangi nyeusi ni dhambi. Mkufunzi akamwuliza kwa upole, "Dada, na mtoto akitazama mkono wake?" Tukabaki tunatazamana. Tangu hapo mimi hufundisha giza: nawaambia watoto wafumbe macho watafute mlango uko wapi, halafu tunazungumza jinsi dhambi inavyomfanya mtu asimwone Mungu. Ngozi zao Mungu ameziumba na zinapendeza, na hilo nalitamka waziwazi kila ninapofundisha somo hili.

Jambo jingine lililonibadilisha ni mstari wa moyo, yaani mstari wa Biblia ambao watoto wanaukariri. Zamani nilikuwa nawakaririsha kwa kupiga kelele pamoja mpaka sauti zinakauka. Sasa kwanza nawaonyesha mstari uko wapi kwenye Biblia, tunaelezana maana yake, kisha nauandika ubaoni na kufuta neno moja moja kila tukirudia. Kwenye Yohana 3:16 wanashangilia neno "ulimwengu" likifutwa, na bado wanalisema. Wiki inayofuata wengi wanakuja na mstari wote kichwani.

Kuna sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa, nayo ni pale unapowaalika watoto kumpokea Yesu. Mmoja akinyoosha mkono, wa pembeni naye ananyoosha, na safu nzima inafuata. Mwalimu anayetafuta idadi ya kutangaza madhabahuni ataifurahia mikono hiyo, na atawaumiza watoto. Tulifundishwa kuzungumza na mtoto mmoja mmoja, kumwuliza kwa maneno yake mwenyewe anataka nini, bila kumharakisha. Na mazungumzo hayo yawe mahali pa wazi ambapo watu wengine wanawaona. Mwalimu hajifungii chumbani na mtoto, hata kwa maombi.

Zipo pia Klabu za Habari Njema, zinazofanyika katikati ya wiki, mara nyingi nyumbani kwa muumini. Mtaani kwetu wanakuja watoto wa kila aina, wakiwemo wa majirani Waislamu, maana wakisikia nyimbo na michezo hawabaki nje. Msimamo wangu ni mmoja: mzazi ajue mwanawe yuko wapi na anafundishwa nini kabla hajaketi kwenye mkeka wetu. Ninabisha hodi, nasalimia, naeleza. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, huyu wangu acha abaki nyumbani," nikamshukuru na tukaendelea kuombana chumvi kama kawaida. Heshima hiyo ni sehemu ya huduma yenyewe.

Vitabu vya picha kubwa vya masomo vinawavuta sana watoto, ila vya rangi vina gharama kwa usharika mdogo. Vinatunzwa kwa mfuko wa nailoni na kuazimana kati ya mitaa.

Wachungaji na wazee wa kanisa, pelekeni walimu wawili au watatu kwa pamoja. Vijana huhama kwenda chuo au kutafuta kazi, na akiondoka yule mmoja aliyefundishwa, watoto wanarudi kuangaliwa tu. Na darasa la watoto liwe na fungu lake kwenye bajeti ya usharika, angalau la manila, gundi na chaki.