Amplifaya za zamani zilizorudi madukani: kabla ya kulipa, igeuze usome kibao cha nyuma

Mwaka juzi nilinunua amplifaya ya gitaa ya Kimarekani, toleo jipya la mtindo wa 1965, kwa milioni mbili na laki tatu. Ilidumu kama sekunde kumi na mbili.

Niliileta kwa bajaji hadi chini ya mlima Bugarika, hapa Mwanza, vijana wawili wakanipandishia kwenye mawe mpaka mlangoni. Nikaweka waya, nikawasha. Taa nyekundu ya mbele ikawaka kwa mbwembwe. Valvu kule nyuma, yaani zile chupa za kioo zinazokuza sauti, ambazo hutakiwa kuwa na rangi ya chungwa iliyofifia, ziling'aa karibu nyeupe. Ikanguruma mara moja, ikasema pu, na harufu ya vanishi iliyoungua ikakaa chumbani mwangu wiki nzima. Fundi alipoifungua alikuta fyuzi imezungushiwa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Kumbe ilishawahi kuunguza fyuzi kwa mtu mwingine, na huyo mtu akaona fyuzi ndiyo mkorofi.

Nikampigia muuzaji. "Dada, umeme wenu huko mlimani ni mkali."

Kibao cha nyuma kiliandikwa 120V 60Hz. Kilikuwa kimeandikwa hivyo tangu siku ya kwanza, sikukisoma. Plagi ilikuwa ya miguu mitatu mipana, ya kwetu kabisa, nikajua mambo yako sawa. Plagi hubadilishwa kwa bisibisi na dakika tano. Transfoma iliyo ndani haibadiliki kwa sababu umeivalisha plagi mpya.

Ndiyo maana mwongozo huu hautazungumzia sana sauti, ukubwa wa spika wala rangi ya kitambaa. Hayo utayakuta kila mahali. Mimi nina neno moja, volti, na nitalirudia mpaka mnichoke.

Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde, ndiyo ile Hz ya kwenye kibao. Wa Marekani ni 120 kwa 60. Wa Japani ni 100. Amplifaya ya Marekani ukiichomeka kwetu moja kwa moja, kila kilichomo kinapokea karibu mara mbili. Valvu nyingi za gitaa hutaka volti 6.3 kwenye uzi wa kupasha joto, hapo zinapewa 12. Ya Japani ni mbaya zaidi, maana volti zinazidi mara mbili na kidogo, na kwa kitu kinachopasha joto nguvu huongezeka zaidi ya mara tano. Kapasita za ndani, vile vikopo vidogo vinavyotunza chaji, hazivumilii hayo, zinapasuka.

Utaambiwa ununue transfoma ya kushushia umeme. Sawa, inafanya kazi, lakini sikiliza. Inashusha volti, haigusi mizunguko. Kama kibao kinasema 60Hz peke yake, transfoma ya amplifaya itafanya kazi ikiwa na joto kuliko ilivyopangwa, na wewe unapiga harusi kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri. Tafuta kilichoandikwa 50/60Hz. Nunua ya kushushia yenye watti mara mbili ya zilizoandikwa kwenye kibao, si sawasawa nazo. Na angalia kama ina waya wa ardhi. Nyingi zina matundu mawili tu upande wa kutolea, ardhi inakatikia hapo, halafu unaimba huku umeshika nyuzi, mdomo unagusa maiki, unapigwa shoti ya midomo mbele ya mama mkwe wa bwana harusi. Imenitokea Igoma.

Sasa lile swali la wapiga gitaa: je, viwanda vina haki ya kurudisha amplifaya zao za zamani, au ni kutuuzia kumbukumbu? Mimi nasema warudishe. Amplifaya halisi ya 1965 ina miaka sitini. Kapasita zake zimekauka hata kama ililala kabatini, na bei yake sasa ni ya kiwanja. Mpiga solo wa bendi ya kawaida hana biashara na kitu hicho. Kama kampuni bado ina michoro, itengeneze. Ndani watakuwekea bodi ya saketi iliyochapishwa badala ya waya zilizounganishwa kwa mkono, na wapo watakaolia kwa hilo, lakini ukumbini hakuna anayesikia bodi.

Kinachoniudhi ni wanachochagua kurudisha. Vox AC30 za Uingereza za miaka ya sitini zilikuwa na kitasa kidogo cha kuchagulia volti, kuanzia 115 hadi 245, na ngazi kadhaa katikati. Unakizungusha kulingana na umeme wa ulipo. Mtu wa kwanza kukiweka pale nadhani alikuwa na sisi moyoni. Leo kitambaa chenye mchoro wa almasi kimerudi, vishikio vyenye ncha vimerudi, rangi ya paneli imerudi, kitasa cha volti kimebaki kaburini. Matoleo mengi ya sasa hufungwa volti moja kulingana na nchi yanakopelekwa. Halafu yanatembea kwenye makontena mpaka kwetu, na hakuna anayetuambia yalikusudiwa nani.

Basi tupange. Kila ninachokitaja hapa, hakikisha kibao kimeandikwa 220–240V, la sivyo kiko nafasi ya mwisho.

Ya kwanza ni Roland JC-120, na hapa sijifichi, napendelea. Ilitoka 1975 na mpaka leo inatengenezwa. Haikufufuliwa kwa sababu haikufa, na kwangu hilo linatosha kumaliza ubishi wote wa matoleo ya kurudiwa. Haina valvu hata moja. Ni watti 120 zilizogawanywa sitini sitini, kila upande na spika yake ya inchi 12, na ukiwasha kitufe cha korasi spika moja inatoa sauti kama ilivyo, nyingine inaiyumbisha kidogo, zinakutana hewani mbele yako. Piga ridhimu ya rumba humo, vidole viwili juu ya shingo, utasikia kila uzi peke yake kama shanga. Jioni umeme wa mtaani kwetu unaposhuka hadi 190, na nimeupima, JC inapungua sauti kidogo na kuendelea na kazi, wakati ya valvu ya jirani yangu inakuwa kama mtu mwenye malaria. Ubaya wake upo. Kitufe cha kukwaruza sauti ni aibu, usikiguse. Uzito ni kilo 28. Kama unaishi mawe yetu, chukua JC-40, spika mbili za inchi 10, chini ya kilo 16, inapanda Bugarika kwa mtu mmoja. Ila za mtumba kutoka Japani ni volti 100. Hata kipenzi changu kinaungua.

Ya pili ni Fender '65 Deluxe Reverb, toleo linalotengenezwa tangu miaka ya tisini. Watti 22, spika moja ya inchi 12, valvu mbili za aina ya 6V6 zinazosukuma spika, kilo 19. Usidharau hizo 22. Watti za valvu zina sauti kubwa, na ukiweka maiki mbele yake ukumbi wote unajaa. Mwangwi wake unatoka kwenye springi za chuma zilizofungwa chini ya kasha, ukiitikisa inalia kama radi kwenye bati. Inapendeza mno kwenye nyimbo za taratibu. Kumbuka tu kwamba valvu huchoka, na dukani Makoroboi hutazikuta, kwa hiyo agiza seti ya akiba siku unayonunua.

Ya tatu ni Tone Master Deluxe Reverb, ya Fender pia, iliyotoka 2019. Ina sura ileile ila ndani hakuna valvu, ni kompyuta inayoiga. Wapenda mambo ya kale wanaiita bandia. Mimi nimesafiri kwa meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, nikiwa na vyombo, nikasimama foleni navyo, na kitu cha kilo kumi na kidogo badala ya 19 sikiiti bandia. Nyuma kuna swichi ya kupunguza nguvu kutoka watti 22 hadi 0.2, kwa wenye watoto waliolala.

Nyingine haraka. Vox AC15 ina sauti tamu, ila valvu zake ndogo za EL84 zina joto na haipendi kufunikwa na kitambaa cha mapambo ya harusi. Twin Reverb ya Fender ni watti 85 na kilo 29, ukiwa na vijana wa kubeba, nunua. Marshall 1962, ambayo hiyo 1962 ni namba ya modeli wala si mwaka, ilirudishwa 1989. Ni nzuri kwa watu wa roki, nasi huku roki tunazo Jiwe la Bismarck na ndugu zake.

Za bei nafuu zipo. Ni za kujifunzia chumbani.

Sasa wauzaji. Unaona picha ya mbele, nembo inang'aa, chini "original ya miaka hiyo, haitoki tena." Inatoka, kaka. Imetengenezwa juzi, ndiyo maana ya kurudiwa. Unauliza bei, unaambiwa njoo inbox. Unakwenda inbox, unaulizwa uko wapi, na ukisema Mwanza bei inapanda kana kwamba ziwa ni bahari. Unaomba picha ya nyuma, anakutumia ya mbele kwa pembe nyingine. Unauliza ni volti ngapi, anakujibu watti ngapi. Mmoja alinijibu, "Ni full power, bosi." Picha ya kibao cha nyuma inapigwa kwa sekunde mbili. Anayekataa kuipiga anajua kilichoandikwa pale.

Ukikutana naye dukani usimwambie akuwashie kwa transfoma yake iliyo chini ya meza. Mwambie aichomoe, aichomeke ukutani mbele yako. Wangu naye aliiwasha dukani, ikalia vizuri, na mimi sikuinama kuona waya unakoelekea.

Ile yangu bado iko hai kwa nusu. Kasha zima, spika nzima, valvu mbili za kwanza zimepona. Fundi mmoja wa kusuka mota kule Nyakato ameichukua transfoma, amehesabu mizunguko ya waya akiwa na daftari, akasema ataisuka upya kwa 230 na nirudi Jumatatu. Jumatatu hii ni ya nne.