Gitaa la kwanza la umeme kwa mtoto: Mikro, Minion au Mini Strat?

Mkalishe mtoto wa miaka saba na gitaa la umeme la ukubwa kamili, umwambie ashike freti (kijiti cha chuma shingoni mwa gitaa) ya kwanza. Kiwiko kitanyooka, bega litapanda, na vidole vitaishiwa nguvu kabla havijabana uzi. Kwenye Stratocaster ya kawaida, gitaa la umeme la ukubwa kamili, uzi una urefu wa milimita 648 toka nati (kizuizi chenye mifereji mwishoni mwa shingo) hadi daraja (panapofungwa nyuzi kwenye mwili wa gitaa), na toka nati hadi freti ya nne ni kama milimita 134. Kiganja cha umri huo hakifiki huko. Basi dukani anza na urefu wa uzi; rangi mtoto atachagua mwenyewe.

Matatu yafaayo kulinganishwa ni Ibanez Mikro (GRGM21) yenye uzi wa milimita 564, Jackson Minion (JS1X) yenye 572, na Squier Mini Stratocaster yenye 578. Yote ni magitaa ya kweli yaliyofupishwa. Yale ya plastiki yenye spika ndani, yanayouzwa karibu na baiskeli za watoto, yaache hapo hapo: vigingi vyake havishiki, na mtoto hawezi kujifunza sauti kwa ala inayopotoka kila baada ya dakika tano.

Usihangaike na tofauti ya urefu kati ya hayo matatu. Hadi freti ya nne, Mikro na Mini Strat zinapishana milimita tatu tu. Kinachozitenganisha ni pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, vyenye koili (waya uliozungushwa) moja au mbili. Mini Strat ina pikapu tatu za koili moja moja: sauti yake ni safi, kali kidogo, tamu sana kwa mapigo ya chakacha au benga. Lakini koili moja hunasa mvumo wa umeme wa nyumbani, na nyumba za Mombasa zina pangaboi linalozunguka mchana kutwa. Rejuleta za kielektroniki za pangaboi na taa za mirija ndizo adui wakubwa. Mikro ina pikapu za koili mbili zinazofuta sehemu kubwa ya mvumo huo. Kwa mtoto atakayefanyia mazoezi chini ya feni, chaguo letu ni Mikro. Minion nayo ina koili mbili na haina ubaya, ila umbo lake na sauti yake vimeelekea roki nzito. Kama mtoto ndiko moyo wake uliko, mnunulie.

Kasoro ya Mikro ni freti zake 24. Kwenye uzi mfupi hivyo, zile za juu zimebanana hata kidole cha mtoto kinapata shida. Mini Strat ina 20, zinatosha. Jambo jema ni kwamba daraja la magitaa yote matatu halichezi. Daraja lenye mkono wa kutikisa ni mashaka matupu kwa anayeanza: uzi mmoja ukikatika, mingine yote inapotoka.

Sasa nyuzi, ambazo wauzaji wengi hawazitaji. Uzi ukifupishwa na sauti ikabaki ile ile, mkazo hupungua: kwenye Mikro ni karibu asilimia 24 chini ya gitaa la milimita 648. Ukifunga seti nyembamba ya 9-42 (unene wa uzi mwembamba na wa uzi mnene kabisa, kwa elfu za inchi) nyuzi zitalegea, zitapiga freti, na mtoto akibonyeza kwa nguvu sauti itapanda bila yeye kujua kwa nini. Funga 10-46. Uzi mnene ukinasa kwenye mfereji wa nati utasikia "ting" unapokaza. Paka mferejini unga wa risasi ya penseli.

Dukani nenda na kadi mbili za benki na tyuna ya simu, yaani programu ya kupimia sauti ya nyuzi. Kadi mbili zikipangana zina unene wa kama milimita 1.5. Zitelezeshe chini ya uzi mwembamba juu ya freti ya 12. Zikipita kwa kugusa kidogo, ni vizuri. Zikipwaya sana, uzi uko juu na vidole vitauma. Hapo ndipo watoto wengi huacha, na watu husema mtoto ni mvivu. Kisha piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, ukisikiliza mkwaruzo. Bonyeza freti ya 12, ulinganishe na sauti ya uzi mtupu kwenye tyuna: ikiwa juu, tandiko (kipande cha daraja kinachobeba uzi) la uzi huo lirudishwe nyuma, mbali na shingo, ikiwa chini, lisogezwe mbele. Muuzaji asiyekubali kulirekebisha hapo hapo, au anayekwambia "itakaa yenyewe", muage kwa heri. Mwisho mvalishe mtoto mkanda, aachie mikono yote miwili. Kichwa cha gitaa kikizama, mkono wa kushoto utakuwa mbebaji badala ya mpigaji.

Amplifaya isikutoe jasho. Ndogo ya betri ya volti 9 yenye tundu la hedifoni, kama Marshall MS-2, inatosha mwaka mzima, na stima zikipotea mazoezi yanaendelea. Jaribu sauti masikioni mwako kwanza. Ukipewa iliyotumika kutoka Marekani, soma nyuma: ikiandikwa volti 120 peke yake, umeme wetu wa 240 utaiunguza bila transfoma ya kushusha.

Chumvi ya bahari nayo ina hesabu yake. Nyuzi za chuma zisizofutwa zinaweza kushika kutu mapema, hasa nyumba ikiwa imeelekea upepo. Kila baada ya kupiga, futa juu na chini ya kila uzi kwa kipande kikavu cha kanga kuukuu, usilitundike gitaa karibu na dirisha, na weka mfukoni mwake vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Vifungo vya sauti vikianza kukwaruza, dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme ndiyo tiba. Mafuta ya cherehani usiyaguse, yananasa vumbi na tatizo linarudi.