Fundi wa kompyuta, Kariakoo: feni za kadi ya grafiki zinazunguka tena

Nilimpelekea kadi yangu ya grafiki, feni zote mbili zimegoma hata nikiwa katikati ya gemu. Nilichompendea, hakukimbilia kuniuzia kadi nyingine. Alinieleza kwamba kadi nyingi za siku hizi husimamisha feni zenyewe joto likiwa chini ya nyuzi 50 au 60 hivi, kwa hiyo akaipa kwanza kazi nzito huku akitazama MSI Afterburner, programu inayoonyesha joto la kadi. Joto likapita nyuzi 80, feni kimya. Akazima, akasukuma mapanga kwa kidole: magumu, vumbi limegandia katikati. Akasoma namba nyuma ya feni, akatafuta zenye plagi ile ile, akapaka na pasta mpya ya kupitisha joto juu ya chipu. Bei ya haki kabisa. Jumamosi foleni ndefu, nendeni asubuhi.