Gundi ya vigae vya bafu na jikoni: ipi ununue kwanza

Ingia hadwea yoyote Kisumu au Nakuru uulize gundi ya vigae, utaonyeshwa mfuko wa unga, ndoo ya mastiki iliyo tayari, na gundi ya bomba, ile ya kukamuliwa, si ya kuunga mabomba ya maji. Usianze na bei. Anza na maji yatakayofika ukutani na uzito wa kigae.

1. Gundi ya unga yenye polima (C2)
Kwa bafu hakuna inayoikaribia. Inakauka kwa kuungana na maji, si kwa kutegemea hewa, kwa hiyo inashika hata nyuma ya porseleni isiyonyonya kitu. Mfuko wa kilo 20 unatosha mita mraba 4 hadi 5, gundi ikiwa na unene wa milimita 3 hadi 4.

Kabla ya kulipa, tafuta alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) na daraja: C1 ni ya kawaida, C2 imeboreshwa, S1 inakubali kupinda kidogo. Bonyeza mfuko. Ukihisi mabonge, unyevu umeshaingia. Uache, hata ukipunguziwa bei. Kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano karibu na Kisumu, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, nunua S1 kwa sakafu, ingawa hakuna gundi itakayookoa sakafu yenye msingi mbovu.

Maji kwanza kwenye ndoo, kwa kipimo cha mfuko, kisha unga. Koroga, acha dakika 5, koroga tena. Ikianza kukaza usiiongeze maji. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

2. Mastiki ya ndoo
Ni akriliki iliyo tayari kupakwa, na inafaa ukuta wa jikoni wenye vigae vyepesi vya seramiki, hasa juu ya jipsamu. Bafuni hapana. Inakauka maji yake yakitoka tu: nyuma ya kigae kikubwa cha porseleni kingo hukauka, katikati hubaki laini kwa wiki kadhaa, na ikilowa kila siku hulainika tena. Ukiipaka nene ili kusawazisha ukuta, ni hasara.

Ukiambiwa ina utomvu asilia wa mastiki, usiongeze hata shilingi. Utomvu huo hutoka kwenye mti wa Pistacia lentiscus, maarufu kisiwani Chios, Ugiriki. Hutafunwa, hutiwa kwenye vyakula vitamu na hutengenezewa vanishi. Haushiki vigae.

3. Gundi ya bomba
Ya ukingo wa chini ya ukuta au kigae kimoja kilichobanduka. Ukuta mzima utabaki na mapengo nyuma.

4. Simiti tupu
Porseleni haina vinyweleo vya kuishikilia. Dondosha tone la maji mgongoni mwa kigae: lisiponyonywa, simiti tupu haikufai. Madonge manne kwenye pembe ndiyo mabaya zaidi, kwani katikati hubaki tupu na kigae hupasuka kikigongwa.

Gundi yoyote utakayochagua, ipake kwa mwiko wa meno, mistari ielekee upande mmoja. Bandua kigae cha kwanza ukiangalie mgongoni: bafuni gundi ifunike asilimia 95, pakavu 80. Pungufu ya hapo, chukua mwiko wenye meno makubwa zaidi. Subiri saa 24 kabla ya grauti, ile ya kujaza nafasi kati ya vigae. Mastiki huhitaji zaidi. Kwenye kona za kuta weka silikoni badala ya grauti, maana grauti hapo hupasuka na kupitisha maji.