Huduma ya mbwa wazee, eti

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Wiki zimepita na hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Kliniki sitaitaja. Wanajitangaza kwamba wana huduma maalumu ya mbwa wazee, unalipia mwaka mzima kwa mkupuo. Nikajiunga kwa ajili ya Simba wangu, miaka 13. Alikuwa ameanza kuchechemea asubuhi, anamaliza bakuli la maji na kutaka jingine, na chakula kigumu anakitafuna upande mmoja kisha anakiacha.

Mlangoni tu, vigae vimesuguliwa vinang'aa hadi unajiona uso. Mahali pa mbwa wazee! Simba alipiga hatua chache, miguu ya nyuma ikatawanyika huku na huku, akakaa kwa kishindo na kunitazama. Daktari alikuwa amesimama pale pale. Akacheka. "Mzee leo anacheza muziki!" Sijui nilijizuiaje. Nilimbeba mwenyewe hadi ndani, na hakuna aliyenyoosha mkono kunisaidia.

Ndani hakumgusa. Narudia, hakumgusa. Macho kwenye kompyuta, akauliza umri, akapiga hesabu: "Kumi na tatu mara saba, tisini na moja. Dada, bibi yako akifika tisini na moja atakimbia?"

Hesabu ya mara saba, eti mwaka mmoja wa mbwa ni saba ya binadamu, tena kwa daktari wa wanyama! Mbwa wa mwaka mmoja anaweza kuzaa. Mtoto wa miaka 7 ndiyo kwanza anang'oka meno ya utotoni. Mbwa hukua mbio mwanzoni, kisha kasi hupungua, na ukubwa wa mwili nao una neno lake: Great Dane, lile jitu la mbwa, akifika miaka 10 amejitahidi sana, Chihuahua, kale kadogo, wa umri huo bado ana miaka ya kubwekea wageni. Mbwa Bluey wa Australia alikufa mwaka 1939 akiwa na miaka 29. Zidisha mara saba uone kituko. Nilimwambia hayo, akasema nipunguze kusoma mitandaoni.

Maji mengi je? "Uzee." Kuchechemea? "Uzee." Macho yenye ukungu? "Mtoto wa jicho. Uzee." Jamani, mbwa mzee akinywa maji kupita kiasi huangaliwa figo na sukari, hilo hata mimi nalijua. Kilichonimaliza kabisa ni mhudumu wa mapokezi, aliyenishauri nimpe Simba dawa za maumivu tunazomeza sisi. Ibuprofen kwa mbwa! Inatoboa tumbo na kuharibu figo.

Ningeondoka hapo, ingekuwa nyota moja na matusi juu. Ila kuna msaidizi mmoja kijana, alitufuata nje. Akapiga magoti, akamwacha Simba amnuse mkono kwanza, ndipo akainua mdomo wa juu taratibu. Jino kubwa la nyuma lilikuwa limefunikwa na ukoga wa kahawia, ufizi umevimba, na alipobonyeza kidogo ukatoka usaha. Akamulika macho kwa tochi: si mtoto wa jicho, ni lenzi iliyokakamaa kwa umri, mwanga bado unapita na mbwa anaona. Kisha akarudi ndani na kung'ang'ania Simba apimwe damu na mkojo.

Figo zimeanza kuchoka, lakini tumewahi. Chakula kimebadilishwa, jino limeng'olewa na daktari wao mwingine, na kwa maumivu ya viungo anachomwa sindano ya kila mwezi badala ya vidonge, ili figo zisibebeshwe mzigo zaidi. Nyumbani nimetandika mikeka njia nzima hadi kwenye maji yake. Juzi alimfukuza paka. Hakumpata, lakini alimfukuza!

Kwa hiyo nyota tatu? Nne, kwa ajili ya yule kijana? Nilikuwa nimekwisha kuweka nne. Halafu nikaangalia risiti: wamenitoza "uchunguzi wa mwili mzima wa daktari". Mwili upi, aliochunguza nani? Nimeondoa nyota moja, zimebaki tatu.

Mkataba unakaribia kuisha. Nimewaandikia kwamba nitalipa tena endapo tu Simba atahudumiwa na yule kijana, na yule mcheshi asimsogelee. Hawajajibu.