Reli kando ya bustani, au katikati ya barabara?

Tuseme Dodoma inajengewa treni nyepesi ya umeme kwenda Mji wa Serikali, Mtumba, na njia inapita jirani na bustani ya Nyerere Square. Reli ilazwe wapi?

Kando ya bustani ni rahisi: magari hayaguswi, abiria anashukia kivulini. Tatizo ni msingi. Ukichimba, mizizi ya miti inakatwa upande mmoja, na mti wa namna hiyo hukauka polepole, wakati mkandarasi ameshaondoka zamani. Kiangazi chetu ni Mei hadi Novemba. Kivuli kilichokomaa hakifidiwi na miche ya kupigia picha.

Katikati ya barabara, bustani inapona. Addis Ababa, iliyozindua treni yake mwaka 2015, ilifanya hivyo sehemu nyingi, ikaweka na uzio. Waenda kwa miguu wakabaki kutafuta pa kuvukia.

Mimi naenda na katikati, ila vivuko viwe vya usawa wa barabara, vyenye taa za kuongozea. Madaraja ya ngazi hapana. Mama mjamzito hapandi. Na wananchi waulizwe jioni, palepale bustanini, machinga na mama lishe wakiwepo, si ukumbini saa nne asubuhi.